Likizo Katika Pwani ya Zabibu

Guangzhou, 3 Mei 1998

Mwanangu Nahla,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, na ofisi yetu ya mizigo hapa Sanyuanli nayo bado imesimama, ingawa ngazi zake zinatikisika kila Dullah, yule mfanyabiashara wa Dar, anapopanda na maboksi yake.

Nina habari kubwa, na nitaieleza kwa utaratibu, maana nakujua unavyosoma barua kwa kurukaruka. Mama yako anakuja China. Pasipoti ameshapata, tiketi nimeshamtumia, na atafika Septemba. Nimewaomba ruhusa wafanyabiashara wangu, ambao hawawezi kununua hata pasi ya umeme bila mimi kuwatafsiria kwa Kichina changu cha ujanani, na sisi watatu tutakwenda likizo. Nimefundisha jiografia ya dunia nzima katika chumba chenye dirisha moja. Sasa nataka kuiona kidogo.

Mahali ni huko huko kwako, Yantai. Sababu ya kwanza ni wewe: nina mwaka mzima katika nchi hii na bado sijakuona, na mama yako hajakuona tangu ulipoondoka nyumbani, huu mwaka wa tatu. Sababu ya pili ni mahali penyewe. Chukua ramani. Rasi ya Shandong imeingia baharini kama kiwiko. Bahari hupata joto polepole na kupoa polepole, kwa hiyo kipupwe chenu hakiui na kiangazi chenu hakiunguzi. Ongeza vilima vya mawe mawe ambavyo maji hayatuami. Mzabibu ni mti unaopenda kuyaona maji kwa mbali, lakini hautaki kusimama ndani yake. Tutakuja wakati wa mavuno. Halafu tutakwenda Penglai kutazama bahari kutoka juu ya mwamba, mahali ambapo siku nyingine huonekana mazigazi: miji mizima inayoning'inia hewani. Hilo nitakuelezeni tukifika.

Ndiyo, najua kwamba zabibu nyingi za huko huishia kwenye mvinyo. Dullah amecheka mpaka akaegemea kontena. "Mwalimu, wewe na kofia yako hiyo, likizo kwenye nchi ya mvinyo?" Nikamwambia, "Dullah, wewe Dar umekulia jirani na kiwanda cha bia. Umelewa mara ngapi?" Akarudi kuhesabu maboksi yake.

Siku moja ya ratiba nimeiweka kwa ajili ya chuo chako na kile kiwanda cha maji ya matunda unachofanyia mazoezi. Mama yako ameshawasimulia nusu ya watu wa Kikwajuni habari za maji hayo.

Baba yako,
Mwadini

*

Yantai, 11 Mei 1998

Baba mpenzi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako yote, mstari kwa mstari, bila kuruka.

Nimefurahi mno kwamba Mama anakuja. Ila nina wasiwasi kidogo juu ya Yantai. Ukungu wa bahari hapa unaweza kufunika kila kitu siku nzima, na mama wa watu atakuwa ametoka Unguja kuja kutazama ukuta mweupe. Mwezi wa Septemba nyumba za wageni hujaa. Chakula cha halali kipo kwa shida. Kuna mkahawa mmoja wa Wahui, Waislamu wa Kichina, nao uko mbali na pwani. Halafu upepo! Mama hana mazoea ya baridi.

Mimi naona afadhali Hainan. Kuna minazi, kuna mchanga, Mama atajiona yuko Bwejuu. Au Guilin, milima yake kila mtu anaisifu. Mimi nitapanda treni nije niwakute huko huko.

Na kile kiwanda, Baba, Septemba hakipokei wageni. Ni wakati wa kazi nyingi.

Mwanao,
Nahla

*

Yantai, 11 Mei 1998

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Barua hii nampa Loyce, mwanafunzi mwenzangu kutoka Dodoma anayerudi nyumbani, aiposti akifika Dar. Simu ya bweni iko mezani kwa mlinzi, na kila anayepita husikiliza.

Nimekaa na jambo hili tangu mwaka wa kwanza wa masomo. Niliandika kwamba nasoma sayansi ya chakula, na cheti cha ufadhili kweli kinasema hivyo. Lakini nilipomaliza mwaka wa lugha ndipo nilipoambiwa tawi nililopangiwa: uchachushaji. Na uchachushaji hapa Yantai, Mama, maana yake ni mvinyo. Kiwanda ninachofanyia mazoezi ni cha mvinyo. Yale maji ya matunda niliyokuandikia ni maji ya zabibu kweli, lakini ni ya siku chache tu, kabla hayajachacha.

Sijaonja hata tone, wallahi. Darasa la kuonja mimi hunusa tu, na alama zangu hukatwa, nami hukubali zikatwe.

Sasa Baba anataka kuja kukitembelea kiwanda. Nakuomba, msaidie abadilishe mawazo. Mwambie unataka kuona Hainan. Wewe ukisema, atakusikiliza. Mwakani nitamaliza, nitarudi na shahada, na hakuna atakayeuliza ilipatikana kwenye jengo gani.

Mwanao anayekupenda,
Nahla

*

Guangzhou, 19 Mei 1998

Mwanangu Nahla,

Nimepokea hoja zako, na kwa kuwa ni hoja nitazijibu kama hoja.

Ukungu: ni wa miezi ya masika na mwanzo wa kiangazi, pale hewa yenye joto inapopita juu ya maji ambayo bado ni baridi. Septemba maji yameshapata joto, na ukungu umekwisha. Nyumba za wageni: ndiyo sababu nimeanza kuandika Mei. Chakula: mkahawa mmoja wa Wahui unatosha kwa watu watatu. Baridi: nimeshamnunulia mama yako sweta katika soko la Xiaobei, la rangi ya zambarau. Muuzaji alikuwa akinitajia bei na kunipigia kelele za "meiyou, meiyou", hakuna, hakuna la bei hiyo, mpaka nilipomsalimu kwa lafudhi ya kwao, akacheka na likapatikana.

Ama Hainan, Septemba ni mwezi wa vimbunga huko. Nilikufundisha hilo mwenyewe ukiwa na miaka kumi na miwili, na ulipata alama zote. Nashangaa umelisahau.

Kuhusu kiwanda, mtu mwenye kazi nyingi ndiye anayefaa kutembelewa. Hatutakaa sana.

Baba yako,
Mwadini

*

Kikwajuni, Zanzibar, 7 Juni 1998

Nahla,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma mara moja, nikaiweka. Siku ya pili nikaisoma tena, nikitaraji nimekosea. Sikukosea.

Miaka miwili umeniambia maji ya matunda. Kwenye harusi ya Swalha nilisimama mbele ya wanawake wote nikasema, mwanangu anajifunza kutengeneza maji ya matunda, wagonjwa wa hospitali ndio wanaoyanywa. Hilo la wagonjwa nililitia mwenyewe, kwa kupenda. Unaona uongo ukishaachiwa unavyozaa?

Sasa unataka nimdanganye baba yako. Mimi sijawahi kumficha mwanamume yule hata bei ya kanga. Yeye anasema sana, anaeleza hata kisichoulizwa, lakini hajawahi kunificha kitu, wala mimi yeye. Wewe unataka nianze uzeeni, tena kwa safari aliyoipanga kwa mapenzi.

Nimemwandikia kwamba siji. Sikumwambia sababu. Sababu ni yako. Ukishamwambia kwa mkono wako mwenyewe, mimi nitafikiri upya. Usipomwambia, kaeni huko na zabibu zenu.

Mama yako

*

Kikwajuni, Zanzibar, 7 Juni 1998

Mwalimu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Safari uliyoipanga ni nzuri na sweta nashukuru, lakini mimi siji. Sababu ninayo, ila si yangu kuisema. Usikasirike.

Mwanakhamis

*

Guangzhou, 29 Juni 1998

Bi Mwanakhamis, mke wangu,

Nimeipokea barua yako fupi, na sikukasirika hata kidogo. Nimekuelewa. Unasema sababu ipo lakini si yako kuisema, nami sitakulazimisha kuitamka, maana naijua. Ni ndege.

Hakuna aibu katika hilo. Marehemu mama yako alikuwa haamini hata ngazi ya ghorofani, na mtu hurithi. Lakini acha nikueleze. Bawa la ndege juu limebinuka na chini limenyooka. Hewa inayopita juu hukimbia zaidi kuliko ile ya chini, kwa hiyo ya chini hulisukuma bawa kwenda juu. Hakuna uchawi ndani yake wala hakuna kubahatisha. Ukisikia mtikisiko, fikiria gari linapopita barabara ya Mkokotoni. Mtikisiko kama huo haujakuua hata siku moja. Kiti nimekuombea cha kando ya njia ili usitazame chini. Dubai utabadilisha ndege, na Dullah atakuwa anarudi siku hizo hizo kutoka Dar, atakushika mkono. Nimemwambia, akasema, "Mwalimu, mama huyo nitambeba kama mzigo wa vioo." Nimemkanya asikwambie hivyo, lakini kwa kuwa nia yake ni njema nakufikishia.

Nimemwandikia na Nahla, nikamweleza kwamba mama yake anaogopa kuruka, na habari za bawa pia, naye akuandikie maneno ya kukutia moyo. Yeye ameshapanda ndege. Atajua la kusema.

Mumeo,
Mwadini

*

Yantai, 8 Julai 1998

Baba mpenzi,

Shikamoo. Leo sina utangulizi.

Mama haogopi ndege. Mama hataki kuja kwa sababu yangu. Nilimwomba anisaidie kukuficha jambo, akakataa, akaniachia nikwambie mwenyewe. Nimechelewa. Barua yako kuhusu bawa la ndege ndiyo iliyonishinda. Nilikuona umekaa ofisini unamchorea Mama bawa, kumbe tatizo ni mimi.

Sifanyi mazoezi kwenye kiwanda cha maji ya matunda. Ni kiwanda cha mvinyo. Somo langu ni uchachushaji wa zabibu, na nimeshashiriki mavuno mawili. Nimekamua, nimepima sukari, nimekaa na mapipa. Sijanywa wala sijaonja. Sikulichagua tawi hili, nilipangiwa. Lakini ningeweza kusema siku ile ile, nami nikanyamaza, na kunyamaza nilikuchagua mwenyewe.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo gumu zaidi kukuandikia. Naipenda kazi hii, Baba. Ukitia zabibu kwenye pipa, asubuhi ya tatu zinaanza kuzungumza. Ukiweka sikio unasikia. Kitu kisichoonekana kwa macho kinakula sukari na kugeuza kila kitu, na mtu anaweza kupima, na kutabiri, na kusikia kwa pua kabla kipimo hakijasema. Wenzangu huniita kuwanusia. Profesa Lin anasema hajapata mwanafunzi mwenye pua kama yangu.

Basi nimekwambia. Ukisema nifunge mzigo, nitaufunga. Ila nakuomba usiniambie kwa hasira, nieleze.

Mwanao,
Nahla

*

Guangzhou, 16 Julai 1998

Mwanangu Nahla,

Umeniomba nikueleze. Hilo sijawahi kuombwa na mtu wa nyumba yangu. Kwa kawaida huwa mnaniomba niache.

Kwanza, niliumia. Nakwambia ili ujue, kisha tuliache. Nilifunga ofisi nikaenda kwa miguu mpaka msikiti wa Guangta, nikakaa pale hadi Alasiri. Niliporudi nilikuwa nimeshaanza kufikiri badala ya kuumia.

Pili, sitakupaka mafuta. Unasema hujanywa, na nakuamini. Lakini waliolaaniwa katika mvinyo si wanywaji peke yao. Anayekamua yumo na anayebeba yumo. Kujua zabibu zinavyochacha ni elimu, na elimu haina kosa. Mkojo ni najisi, nao husomwa hospitalini. Kuzikamua ili watu wanywe ni kitu kingine. Mavuno ya tatu kwa kazi ile ile, mimi baba yako siwezi kuyabariki.

Tatu, kuna mlango, na huu uusome polepole. Mvinyo haubaki mvinyo milele. Ukiachwa wazi kwa hewa hugeuka siki, na siki ni kitoweo kilichosifiwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ukigeuka wenyewe hutwaharika, yaani huwa safi na halali, na pipa lake hutwaharika pamoja nao. Ukitiwa kitu ili ugeuke, iwe chumvi, iwe kitunguu, iwe hata tone la siki ya zamani, hautwahariki. Kulihamisha pipa kutoka kivulini kwenda juani kunaruhusiwa, kwa sababu jua hukulitia ndani. Na aliyekamua tangu mwanzo kwa nia ya siki, hukumu yake si sawa na ya aliyekamua kwa nia ya kulewesha.

Mimi si mufti, kwa hiyo nilimwuliza imamu wa hapa. Yeye ni Hanafi kama Waislamu karibu wote wa Kichina, akashangaa kwa nini najitaabisha: kwao ukitia kitu ni sawa tu. Mlango wao ni mpana. Lakini wewe ni mtoto wa Unguja, na mtu haendi kuazima mlango wa jirani kwa sababu tu wake unamtaka ainame.

Basi nenda kwa profesa wako. Mwombe utafiti wako wa mwisho uwe wa siki: zabibu utakazozikamua mwenyewe kwa nia hiyo, bila kutia kitu. Akikubali, endelea. Akikataa, utarudi nyumbani bila shahada, na nitakupokea kwa heshima kamili. Naweza kumwandikia mimi kwa Kichina, kama unataka.

Baba yako,
Mwadini

*

Yantai, 2 Agosti 1998

Baba mpenzi,

Shikamoo. Usimwandikie. Nimekwenda mwenyewe.

Profesa Lin alinisikiliza huku anamenya tufaha. Nilipotaja siki alifurahi. Alisema siki ya zabibu haijaandikwa vya kutosha. Akaanza kunitajia kiasi cha mbegu ya kuchachulia nitakachotia. Nikamwambia, sitii kitu. Kisu kikasimama.

"Hutii kitu?"

"Sitii."

"Utasubiri?"

"Nitasubiri, na nitahamisha mapipa kivulini na juani."

"Nahla, kusubiri si sayansi. Bibi yangu alikuwa akisubiri."

Nikamwambia kwamba bibi yake hakupima. Mimi nitapima kila siku: joto, hewa, uchachu, mapipa ya kivulini na mapipa ya juani, na mwisho nitamwonyesha kwa nini bibi yake alifaulu. Akauliza kama hii ni dini. Nikasema ndiyo, ni dini. Miaka miwili niliyokuwa nikinusa bila kuonja alidhani nina ugonjwa wa tumbo. Sikuwahi kumweleza hata yeye. Akamaliza kumenya tufaha lake, akanikatia nusu. Amenipa mapipa manne na pembe moja ya ua wa kiwanda. Mapipa yakiharibika nitarudia mwaka mzima, na ufadhili hauongezwi. Nimekubali.

Sasa jambo la likizo, nalo nalisema wazi. Nitakamua mwanzoni mwa Septemba. Siki kwa njia yetu haiji haraka. Haitakuwa tayari kabla ya Mei. Mkija Septemba mtakuta mvinyo. Ni mvinyo ulio njiani, lakini ni mvinyo, na utanuka mvinyo. Nimefikiri, kwa nini msije Mei? Mama atakuta siki safi, na sitamtia aibu. Na mafuriko ya Yangtze mnayaona. Treni hazina uhakika.

Mwanao,
Nahla

*

Guangzhou, 10 Agosti 1998

Bi Mwanakhamis, mke wangu,

Naomba radhi kwa habari za bawa. Nahla ameniambia kila kitu, kwa mkono wake, kama ulivyotaka. Nimekuandikia humu ndani alichosema na nilichomjibu, ili tusiwe na mambo ya nusu nusu.

Najua utauliza, siki itokayo kwenye mvinyo inawezaje kuwa safi? Nitakujibu kwa mfano wa jikoni kwako. Achari yako ya ndimu, ambayo mpaka leo Dullah ananiuliza kama nimetumiwa, unaitia siki. Siki ile unanunua kwa watu wa Mwera. Wao waliitoa wapi? Kwenye mnazi. Ilipogemwa ilikuwa tamu, ikalala ikawa tembo, ikaachwa ikawa siki. Katikati pale ilikuwa kileo kamili, na wewe hukuwepo. Wewe ulikutana nayo ilipokuwa imeshamaliza safari yake.

Sasa ratiba. Nahla anashauri tusogeze likizo hadi Mei, ili ufike siki ikiwa tayari. Nimelitazama hilo kwa makini na naliona jema. Mafuriko yatakuwa yamekwisha. Isitoshe, mazigazi ya Penglai huonekana zaidi masika kuliko vuli, kwa sababu ya ile ile hewa ya joto juu ya maji baridi. Kwa hiyo tutafaidika pande zote. Tiketi yako nitaomba ibadilishwe, na tarehe mpya nitakuletea.

Mumeo,
Mwadini

*

Simu ya maandishi. Zanzibar, 5 Septemba 1998

TIKETI USIBADILISHE. NAFIKA UWANJA WA NDEGE BAIYUN JUMAMOSI TAREHE 19. MWANAKHAMIS

*

Guangzhou, 21 Septemba 1998

Nahla mwanangu,

Nimefika salama. Barua hii naiandika mezani kwa baba yako, yeye yuko chini anagombana na watu wa mizigo kwa Kichina, na kwa sauti ninavyosikia, anawaeleza kitu. Nitaipeleka kwa haraka ili itutangulie.

Alikuja kunipokea amevaa suti. Dullah aliniacha mkononi mwake akasema, "Mwalimu, hesabu vioo, hakuna kilichovunjika." Baba yako hakucheka. Aliniambia Mei ingekuwa bora kwa mazigazi. Nikamwambia, "Mwalimu, nimekaa angani siku nzima, nikitaka kuona kitu kinachoning'inia hewani nilishakiona." Ndipo akacheka, mpaka akatoa kitambaa.

Barua yake ya siki niliipata. Siki naijua. Nilikuwa naitia kwenye achari kabla hajanioa, na najua ilikuwa nini kabla ya kuwa siki. Niliwahi kwenda Mwera nikaiona ikitoa povu. Hakuna aliyenificha. Kilichoniuma hakikuwa pipa.

Nikueleze kwa nini nilichelewa kumjibu baba yako. Unajua kwetu mtu akisafiri mbali hupita nyumba kwa nyumba kuaga na kuombana radhi, maana hajui kama atarudi. Nilipita. Kila nyumba niliyokuwa nimesema yale maneno ya wagonjwa wa hospitali, niliingia, nikakaa, nikayasema upya. Nikasema mwanangu amesoma kazi ya mvinyo, hakuichagua, hakuonja, alituficha, ametuambia, na sasa anatengeneza siki. Kwa mama yake Swalha walinipa kahawa na halua. Bi Mwanahija, unajua mimi na yeye tulivyo kama chanda na pete, aliinuka akaingia ndani, hakurudi mpaka nikaondoka. Nililia njiani. Lakini nilipofika nyumbani nililala usingizi ambao nilikuwa sijaulala tangu Juni. Sasa hakuna mtu Kikwajuni anayejua habari yako tofauti na ninavyoijua mimi.

Baada ya hapo nisingeweza kusubiri Mei. Nikija Mei, nikikuta siki safi, nitakuwa nimekuja kumtazama mtoto aliyemaliza kurekebisha mambo yake. Huyo hana haja na mama. Mimi nimekuja kwa huyu wa sasa hivi, mwenye mapipa ambayo hajui kama yatageuka au yataharibika. Yakiharibika, tutajua la kufanya tukiwa watatu.

Baba yako ameandika siku ya kwanza pwani, siku ya pili Penglai, na kiwandani siku ya nne. Nimemwambia kiwanda kwanza. Akasema ratiba ina mantiki yake. Nikasema nami nina miguu yangu. Ameibadilisha.

Tunaruka Ijumaa. Usiende kukodi gari la fahari wala usivae gauni jipya. Njoo uwanjani na nguo za kazi, hata kama zinanuka. Nitakusogelea hivyo hivyo.

Mama yako,
Mwanakhamis